Martin Kayamba: Kijana wa Kiungani

Anayeondoka Ukunda asubuhi kuelekea kusini hupita Msambweni na Lungalunga, akavuka mpaka pale Horohoro, na jua halijatua yumo Tanga. Wadigo wana jamaa pande zote mbili, kwani mpaka huo, uliotokana na mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1886, haukumwuliza mtu. Tanga ndiko alikojipatia jina Martin Kayamba. Wanahistoria wanamfahamu vyema. Sisi wa Kiswahili tumemsahau, ilhali alilelewa katika chuo ambacho lugha yetu sanifu inakidai nacho inadaiwa.

Kayamba alizaliwa Unguja mwaka 1891. Kwa nasaba alikuwa Mbondei mwenye damu ya Wakilindi, watawala wa Usambaa. Babake alikuwa amesomeshwa hadi Uingereza na misheni ya UMCA, jambo la nadra mno kwa Mwafrika wa karne ya 19. Haikuwa ajabu, basi, mwana naye kupelekwa Kiungani, chuo cha Mtakatifu Andrea kilichokuwa kusini mwa mji wa Unguja.

Kiungani kilianza kwa ajili ya wavulana waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Masimulizi ya maisha yao, waliyoyatoa kwa Kiswahili, yalitafsiriwa na mwalimu wao A. C. Madan na kuchapishwa mwaka 1887. Kufikia siku za Kayamba, wanafunzi wengi walitoka shule za misheni za bara: Bonde, Masasi, Nyasa. Kila mmoja aliingia na lugha ya mamake, na Kiswahili cha Unguja kikawaunganisha bwenini, kanisani na uwanjani. Uwanja haukuwa jambo dogo. Historia ya kandanda Unguja haiandikiki bila Kiungani. Mkuu wa chuo kuanzia mwaka 1901 hadi 1908 alikuwa Frank Weston, aliyekuja kuwa askofu wa Zanzibar. Shabaha ilikuwa kuwapata walimu na makasisi, na siku ya mwanafunzi ilipangwa kwa sala, masomo na michezo. Kayamba hakuwa kasisi.

Nathubutu kusema kuwa chuo kilizaa kisichokusudia. Kamusi za Madan za mwaka 1894 na 1903 zilieneza Kiunguja mbali, na kilipochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928, Kimvita kikaachwa kando. Sisi wa Kwale, tuliokulia Chidigo nyumbani na Kimvita mjini, tungali tunasahihishwa kwa wino mwekundu.

Baada ya masomo Kayamba alifanya ukarani Kenya na Uganda. Vita vya mwaka 1914 vilimkuta Tanga. Wajerumani wakamtia kizuizini hadi mwaka 1916. Waingereza walipotwaa nchi aliingia katika utumishi wao, na mwaka 1922 akaongoza kuundwa kwa chama cha Waafrika watumishi wa serikali pale Tanga, kilichowakusanya Wakristo na Waislamu wa makabila mbalimbali. Wapo wanaomwona kibaraka aliyevaa na kufikiri Kiingereza. Hoja hiyo ina uzito, ila inasahau kwamba chama hicho kilitangulia African Association ya Dar es Salaam kwa miaka 7, na kwamba kuwaketisha watu wa dini na makabila tofauti pamoja ni desturi aliyoionja bwenini akiwa mtoto.

Mwaka 1931 alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamgira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu mpango wa kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Walikataa, wakihofia nguvu za walowezi wa Kenya. Kamati nayo haikuupitisha muungano huo, na mpaka wa Horohoro ukabaki ulipokuwa. Safari hiyo aliiandikia kitabu cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilichotoka mwaka 1932. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 50.