Robert Koch na sindano zilizofunga macho kule Sese

Mtu akikohoa wiki mbili na kupita, munganga wa Bunia anamutuma labo kupima BK. Hiyo K ni Koch, Mjerumani aliyezaliwa Clausthal mwaka 1843. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, alionyesha kijidudu kinacholeta kifua kikuu, na mwaka 1905 akapata tuzo ya Nobel. Hayo yanajulikana. Kinachosemwa kidogo ni muda aliopitisha kwa jirani zetu wa Uganda.

Ugonjwa wa usingizi, ule unaoletwa na mbung'o, ulikuwa unamaliza watu kandokando ya Ziwa Victoria. Mwaka 1906 Koch akafika visiwa vya Sese, akaweka kambi, wagonjwa wakaja kwa mamia. Dawa aliyoshika ni atoksili, sindano yenye arseniki ndani. Jina lenyewe, ajabu, maana yake ni kitu kisicho sumu! Mwanzoni ilionekana sawa muujiza: vijidudu vilipotea kwenye damu, watu wakapata nguvu. Kisha vikarudi. Ndipo Koch akapandisha kipimo toka nusu gramu mpaka gramu nzima.

Tabu ikaanza hapo. Macho ya wagonjwa yaliingia giza, juu mshipa wa fahamu unaopeleka mwanga kwenye ubongo ulikuwa unakufa. Watu 22 wakapofuka kabisa. Koch akateremsha kipimo, lakini wale hawakuona tena.

Ugumu ni kwamba ugonjwa wenyewe unaingia kichwani: unachanganya akili, unatetemesha mikono. Sumu ya dawa inaweza kujificha nyuma yake. Ni vilevile leo na dawa za huzuni nzito, kama amitriptilini. Ikizidi mwilini, mgonjwa anaweza kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, kutetemeka, hata kushikwa na kifafa. Jamaa wanasema ugonjwa umepanda, wanaongeza kidonge, kumbe kidonge ndicho kinamuua.

Koch aliondoka 1907, akafariki Baden-Baden tarehe 27 Mei 1910. Arseniki ilibaki. Melarsoprol, iliyokuja mwaka 1949, iliponyesha wengi, lakini iliwaua karibu wagonjwa 5 kwa kila 100, wengi wao kwa kuharibu ubongo. Vidonge vya feksinidazoli, visivyo na arseniki, vilijaribiwa hapa Kongo na kukubaliwa mwaka 2018.