Karatasi moja ya Sheikh Al-Amin

Wapo walionuia khitma na bado wako juzuu ya pili. Leo tumkumbuke Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891. Alitaka Waislamu wa pwani wasome mambo ya dini yao kwa Kiswahili. Hakungoja awe na gazeti. Mwaka 1930 alijaribu kikaratasi tu, akakiita Sahifa, yaani ukurasa. Kikasomwa! Ndipo 1932 akatoa gazeti lenyewe, Al-Islah. Nalo halikudumu, maana ukadhi nao una kazi zake. Lakini makala zake hazikupotea. 1944 zikatoka kitabu, Uwongozi. Tafsiri ya Qur'ani aliianza, hakuimaliza. Alifariki 1947, waliobaki wakaichapisha. Allah amrehemu.