Nyumba ya Mbaruk kule Gazi: tusiipite mbio

Ukivuka Likoni ukashika barabara ya Lunga Lunga, ukishapita Ukunda na kabla hujafika Msambweni, kuna njia ya kushoto iingiayo Gazi. Wengi wetu huipita mbio, mawazo yako Shimoni au Vanga. Nami nimeipita hivyo miaka mingi. Juzi nilikuwa naendesha gari kwenda harusini Vanga, ami yangu kaketi kando, akaniamuru nikate kushoto. Alitaka kuiona tena nyumba ya Mbaruk.

Ni nyumba kubwa ya kale ya mawe na chokaa, iliyowahi pia kuwa shule. Mlango wake wa nakshi ulihamishwa zamani ukapelekwa Fort Jesus. Nilipokuwa mtoto, bibi alitunyamazisha kwa habari za nyumba hii: kwamba waliomuudhi bwana mwenyewe walifungiwa chumbani wakafukiziwa moshi wa pilipili, na kwamba watumwa walizikwa hai chini ya misingi ili kuta zisimame imara. Hizo ni hadithi, lakini hadithi za aina hiyo hazizuki mahali ambapo watu walikuwa na raha.

Mbaruk bin Rashid alizaliwa katika ukoo wa Mazrui, waliotawala Mombasa. Alikuwa angali mtoto mwaka 1837, Seyyid Said alipoitwaa Mombasa. Baba yake, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakubwa wenziwe, wakasafirishwa hadi Bandar Abbas, na huko wakafia. Waliosalia wakagawanyika: wengine Takaungu, wengine Gazi. Mtoto aliyekulia katika msiba huo hakumsamehe mtawala wa Unguja.

Alipokuwa mkubwa wa Gazi aliasi si mara moja wala mbili. Kila alipozidiwa pwani alikimbilia Mwele, ngome yake iliyokuwa ndani ya misitu ya vilima nyuma ya Gazi. Mwaka 1882 jeshi la Sultani, likiongozwa na Mwingereza Lloyd Mathews, liliivunja Mwele, lakini Mbaruk mwenyewe akaponyoka. Baadaye kampuni ya Waingereza ilipokuja kushika pwani, alielewana nayo kwa muda.

Maelewano hayo yalivunjika mwaka 1895. Liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alifariki, na Waingereza wakamtawaza waliyemtaka wao, wakimruka Mbaruk mwingine, naye pia bin Rashid, aliyejiona ndiye mwenye haki. Huyo akakimbilia Gazi kwa jamaa yake. Mzee wetu akawa na mawili: kumtoa mgeni wake au kupigana na dola. Akachagua vita. Mwezi wa Agosti mwaka huo Admirali Rawson akapanda na askari wake hadi Mwele na kuiteka. Mbaruk akaendelea kupigana misituni, mpaka Waingereza wakaleta askari kutoka Bara Hindi. Aprili 1896, akiwa mtu mzima mwenye mvi, alivuka mpaka na mamia ya watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alikufa Dar es Salaam mwaka 1910, hakurudi tena Gazi.

Ami alisimulia hayo akiwa na fahari. Kwake yeye, Mbaruk ni mtu aliyekataa kuchaguliwa kiongozi na mgeni, na hapo sina ubishi naye. Lakini mimi, upande wa bibi, natoka kwa watu waliolima mashamba ya wakubwa bila ujira. Uhuru aliopigania Mbaruk haukuwahusu hao. Alipigana na Unguja, akapigana na Uingereza, na muda wote huo kulikuwa na watu wasioweza hata kuondoka shambani kwake bila ruhusa.

Nilimwambia ami hivyo, kwa adabu. Alinyamaza kitambo, akiutazama ukuta. Kisha akaniambia kwamba hata bibi yangu hakuwahi kumlaani Mbaruk. Alilosisitiza ni kwamba habari zake zisimuliwe zote. Hapo ndipo nilipofahamu kwa nini alikuwa akitutisha kwa moshi wa pilipili. Haikuwa kutunyamazisha tu. Alikuwa akituhifadhia upande ambao hakuna aliyeuandika.

Basi ndugu zangu, siku mkipita Gazi, kateni kushoto. Wapelekeni watoto, muwaonyeshe nyumba na vilima vya upande wa pili. Wasimulieni ushujaa wa Mbaruk, na wasimulieni pia wale waliojenga nyumba yake. Tukichagua nusu moja, kuta zikianguka nusu ya pili itapotea nazo.

Harusini tulichelewa. Tulikuta biriani imepoa, na ami hakujali.