Maisha ya Bwana Riley na Mdudu wa Michungwa

Wenzetu wa Kigali wenye mchungwa au mlimau uani hawakosi kuona vitu vidogo vilivyoganda juu ya matawi kama magamba ya samaki. Wengi hudhani ni ugonjwa wa gome. Kumbe ni wadudu walio hai. Hutoboa ganda wakanyonya utomvu, na uchafu mtamu wa baadhi yao huwaita sisimizi, kisha juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Ukitaka kuhakikisha, chukua sindano uinue gamba moja, nawe utamwona mwenyewe chini yake. Katika watu waliowashughulikia wadudu wa jamaa hii, hapana aliyepata sifa kama Bwana Charles Valentine Riley.

Alizaliwa London tarehe 18 Septemba 1843, akasomeshwa Ufaransa na Ujerumani, na tangu utoto alikuwa hodari wa kuchora wadudu. Alipokuwa na umri wa miaka 17 alivuka bahari kwenda Marekani, akafanya kazi ya shamba huko Illinois, kisha akaandikia gazeti la wakulima katika mji wa Chicago. Mwaka 1868 jimbo la Missouri lilimwajiri awe mtaalamu wake wa wadudu.

Wakati huo mizabibu ya Ufaransa ilikuwa ikifa kwa mdudu mdogo wa mizizi. Riley alithibitisha kwamba ni yule yule aliyeishi katika mizabibu ya Marekani, nayo haikumwogopa. Basi Wafaransa wakapandikiza mizabibu yao juu ya mashina ya Kimarekani, na serikali yao ikampa Riley nishani ya dhahabu.

Lakini kazi yake kubwa ilikuwa California. Yapata mwaka 1868 mdudu mgeni alionekana huko katika miakasia, na baadaye akaingia katika michungwa. Jike lake ni jekundu la hudhurungi, na nyuma hubeba mfuko mweupe wenye mifereji, kama pamba, umejaa mayai mamia. Wakulima walipuliza dawa za kila namna bila kufaa kitu. Wengine walikata miti yao wakaichoma moto.

Riley, ambaye sasa alikuwa mkuu wa wataalamu wa wadudu wa serikali mjini Washington, alitaka kwanza kujua mdudu huyu ni nani na kwao wapi. Bwana Maskell wa New Zealand alikuwa amekwisha kumpa jina, Icerya purchasi. Riley akaamua kwamba kwao ni Australia, na kwa kuwa huko hakuharibu mashamba namna hii, lazima alikuwa na adui yake.

Jirani zetu wa Kenya walijua gharama ya kukosea jina. Katika miaka ya 1920 kahawa yao ilishikwa na mdudu mweupe wa unga, wakamdhania wa Asia, wakatafuta maadui zake huko, wasifaulu. Mwaka 1935 Bwana Le Pelley akaonyesha kuwa ni aina ya peke yake, mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Nyigu wadogo walioletwa kutoka Uganda mwaka 1938 ndio waliomshinda.

Tumrudie Riley. Bunge la Marekani lilikuwa limekataza wataalamu wake kusafiri ng'ambo kwa fedha za serikali. Basi mwaka 1888 msaidizi wake, Bwana Albert Koebele, alipelekwa Australia kwa kisingizio cha maonyesho ya Melbourne. Riley alitumaini zaidi inzi mmoja mdogo, lakini Koebele aliona huko Adelaide mbawakawa mwekundu mwenye madoa meusi akimla mdudu yule. Akapeleka kwanza mbawakawa 129 tu. Waliwekwa ndani ya hema juu ya mchungwa mmoja wa Los Angeles, na kufikia tarehe 12 Juni 1889 wazao wao 10,555 walikuwa wamekwisha gawiwa wakulima. Katika mwaka mmoja machungwa yaliyosafirishwa kutoka wilaya ile yaliongezeka kutoka mabehewa 700 hadi 2,000.

Hapo ndipo ulipozuka ugomvi wa sifa. Watu wa California walimpa Koebele saa ya dhahabu, na Riley akaona amesahauliwa. Alikuwa mtu mwenye kiburi kidogo, hilo halifichiki. Hata hivyo mimi naona Koebele asingefika Adelaide kama Riley hangejua mdudu ametoka wapi.

Aliacha kazi mwaka 1894. Tarehe 14 Septemba 1895 alikuwa akiteremka kilima kwa baiskeli mjini Washington, gurudumu likagonga jiwe, akaanguka kichwa, akafa siku ile ile. Wadudu aliowakusanya, zaidi ya 115,000, alikuwa amekwisha kuwatoa zawadi kwa jumba la makumbusho la taifa mjini humo.