Gakaara wa Wanjau na Kiwanda cha Karatina

Kila mwaka wanafunzi wangu wa isimu huniuliza ikiwa yuko mtu aliyewahi kuishi kwa kalamu yake katika lugha ya Kiafrika. Huwatajia Gakaara wa Wanjau wa Karatina. Wengi wao hawajapata kulisikia jina hilo, hata wale waliozaliwa Nyeri.

Alizaliwa mwaka 1921 pande za Tumutumu, mtoto wa mchungaji wa Kipresbiteri. Alifukuzwa shule ya Alliance mwaka 1940 baada ya mgomo wa wanafunzi, akaingia jeshini. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, alianzisha na wenzake kampuni ya vitabu, akatoa kisa chake cha kwanza kuhusu mambo ya ndoa.

Wamarekani humwenzi Hugo Gernsback, ambaye mwaka 1926 alianzisha jarida la Amazing Stories na kuwapa makao waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi. Wanastahili. Lakini Gernsback hakufungwa kwa ajili ya alichokichapisha. Gakaara, ambaye mwaka 1948 alikuwa ameandika kijitabu cha Kiswahili, Roho ya Kiume na Bidii kwa Mwafrika (wanaodai kwamba mpenzi wa Kikuyu ni adui wa Kiswahili na wakisome), alitunga mwaka 1952 imani ya Gikuyu na Mumbi kwa kuigiza Imani ya Mitume. Mwana wa mchungaji alijua vyema maneno hayo yangeingia wapi moyoni mwa watu. Serikali nayo ilijua. Oktoba mwaka huo alitiwa mbaroni, akahamishwa kambi hata kambi, Manda na Athi River zikiwemo, hadi mwishoni mwa mwongo huo.

Humo kizuizini aliandika shajara kwa siri. Ilitoka kitabu mwaka 1983, na mwaka 1984 ikapata Tuzo ya Noma pamoja na kazi ya Njabulo Ndebele wa Afrika Kusini. Heshima hiyo haikumkinga: mwaka 1986 alikamatwa tena, safari hii na serikali ya nchi huru.

Mimi, hata hivyo, humwenzi zaidi kwa jarida lake, Gikuyu na Mumbi, na kwa visa vya Wa-Nduuta, ambavyo tulivisoma kwa kuficha chini ya dawati. Mwalimu mmoja alinichapa viboko kwa kosa hilo. Lugha ya mama ilikuwa haramu shuleni. Gakaara alikuwa mwandishi, mhariri, mchapishaji na mchuuzi wa kazi zake mwenyewe. Tena alishughulika na tahajia kuliko wasomi wengi wa chuo kikuu. Kikuyu hutofautisha irabu fupi na ndefu, ilhali maandishi mengi tuliyoyarithi hayaonyeshi tofauti hiyo. Yeye aliandika irabu ndefu mara mbili, hata katika jina lake na la shajara yake. Wako waliomwona msumbufu. Kwa maoni yangu, sikio lake lilikuwa sahihi.

Alifariki mwaka 2001. Vijitabu vyake vichache ninavyo ofisini, karatasi zimegeuka rangi. Juzi nilimpa mwanafunzi mmoja wa kutoka Mathira kimojawapo anisomee kwa sauti. Alikwama mstari wa pili, akacheka kwa haya, akaniomba nimsomee mimi.