Poul la Cour, mwalimu aliyetaka upepo uwashe taa za vijijini

Hapa Nakawa kuna soko linalojulikana na wafanyabiashara wa pande zote za mpaka, na kuna chuo cha ufundi ambako vijana hujifunza kufunga nyaya za umeme. Zaidi ya karne moja iliyopita, kule Denmark, Poul la Cour aliwaandaa mafundi wa namna hiyo hiyo.

Alizaliwa mwaka 1846, akakulia shambani. Alisomea hali ya hewa, akapata cheo serikalini mjini Copenhagen, akavumbua vifaa vya simu za maandishi. Kisha mwaka 1878 akauacha mji, akaenda kufundisha kijijini Askov. Wengi wangesema ameshuka.

Umeme ulikuwa umeanza kuwaka mijini, naye alihofia kwamba wakulima wataachwa gizani. Mwaka 1891, kwa msaada wa fedha za serikali, alijenga kinu cha upepo cha kuzalisha umeme. Hapo akakutana na shida ambayo haijaisha hadi leo: upepo hauna ratiba. Aliutumia umeme huo kuyatenganisha maji, akahifadhi gesi ya haidrojeni kwenye tangi, na kuanzia 1895 taa za shule ziliwaka kwa gesi hiyo. Hatari ilikuwapo, mara kadhaa gesi ililipuka na kuvunja vioo vya madirisha. Baadaye alihamia kwenye betri.

Mwaka 1903 alishiriki kuanzisha chama cha umeme wa upepo, na mwaka uliofuata akaanza kuwafundisha mafundi umeme wa vijijini. Kwangu mimi, hilo ni kubwa kuliko kinu chenyewe. Alifariki mwaka 1908. Kufikia 1918, Denmark ilikuwa na vituo vidogo vya umeme wa upepo takriban 120. Mwanafunzi wake, Johannes Juul, alijenga mtambo wa Gedser mwaka 1957, wa kilowati 200 na mapanga matatu, umbo tunaloliona leo karibu kila mahali.

Hata Kenya. Mitambo 365 ya Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, yenye uwezo wa megawati 310, ilitengenezwa na kampuni ya Denmark. Ilikuwa imesimama tayari mwaka 2017, lakini ikakaa zaidi ya mwaka mzima ikisubiri laini ya kilomita zaidi ya 400 hadi Suswa. Upepo haukukosekana, zilikosekana nyaya.

Sisi Uganda tunategemea maji ya Nile, na umeme wetu umekuwa ukivuka Tororo kwenda Kenya tangu miaka ya 1950. Nyaya hizo hupitisha umeme pande zote mbili. Mwenye jokofu la samaki hapa sokoni huenda usiku fulani analipoza kwa upepo wa Marsabit, na bili haimwambii.