Lavoisier na Mizani Yake

Wenzangu wa mwaka wa kwanza wakija na milinganyo ya kemia iliyowashinda, huwa naanza na Lavoisier. Jamaa alizaliwa Paris mwaka 1743, akawa mkusanya kodi, hela nyingi akazimalizia maabara. Mkewe, Marie-Anne, alimchorea vifaa na kumwandikia matokeo. Alipima vitu kabla na baada ya mmenyuko kwenye chombo kilichozibwa: uzito ni ule ule. Mwaka 1789 akayaweka hayo kitabuni. Mwaka 1794, wakati wa Mapinduzi, ile kazi ya kodi ikamponza, akakatwa kichwa.

Basi ukisawazisha, hesabu atomi pande zote: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Namba ndogo za chini usiziguse. Ukiandika H₂O₂, hayo si maji tena.